Kanitangaze, Nondo wa Nyanya

Nyanya nyingi zinazouzwa Kariakoo, mjini Dar es Salaam, hutoka mashamba ya mbali. Mnunuzi huigeuza nyanya mkononi kabla ya kulipa. Akiona kitundu karibu na kikonyo, huiacha. Huenda kitundu hicho ni mlango wa kiwavi.

Mama wa kiwavi huyo ni nondo wa rangi ya kijivu. Urefu wake haupiti punje ya mchele. Kwao ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania. Mwaka 2014 alikuwa amekwisha fika Tanzania. Wakulima wetu walimpa jina la Kanitangaze. Jina limemfaa, maana shamba alilolivamia halifichiki. Huonekana kama limeunguzwa na moto.

Nondo jike mmoja aweza kutaga mayai hata 260, hasa kwenye majani. Kiwavi akianguliwa huingia ndani ya jani. Hula katikati, huku ngozi ya juu na ya chini zikimficha. Ndiyo sababu dawa nyingi hazimpati: dawa iko nje, yeye yumo ndani. Akishiba, mara nyingi hushuka udongoni. Akitoka huko ana mabawa. Penye joto, yote hayo huchukua mwezi mmoja hivi.

Husafiri pia ndani ya nyanya na masanduku yake. Sanduku lililotoka sokoni lioshwe na kuanikwa juani kabla ya kuingia shambani. Nyanya zilizotobolewa zisitupwe kando ya shamba, bali zifukiwe chini sana. Na mnavu unaoota pembeni ung'olewe, kwani Kanitangaze hula huo pia.