Mwenye Macho Huambiwa Tazama

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nimemwona mwenye macho aliyehitaji kuambiwa, naye ni mpwa wangu mwenyewe.

Mwezi wa Agosti mwaka 2024 nilifuatana naye hadi Dodoma, Tanzania, alikokwenda kupiga picha za shamba la mizabibu. Nchi ile ni kavu, lakini mizabibu yake hupogolewa na kunyweshwa maji, ikazaa mara mbili kwa mwaka. Msomaji asishtuke: zabibu ni tunda la halali, na Kurani imelitaja mara kadhaa. Dhambi ni ya mwenye kuligeuza ulevi.

Kijana alichukua droni ndogo ya mapangaboi manne. Rubani wake huvaa miwani iliyoziba pande zote, akaona kile tu kinachoonwa na kamera, kana kwamba ni yeye arukaye. Chombo hicho hupita kwa kasi baina ya mistari ya mizabibu, na betri yake huisha kwa dakika chache. Lakini rubani haoni pale aliposimama, na nyaya nyembamba zinazobeba matawi humpotea machoni. Kwa hiyo husimama naye mtu wa pili wa kumwangalilia. Siku hiyo mtu huyo nilikuwa mimi.

Alipokuwa tayari kurusha, mama mmoja mchumaji akainua mkono.

"Kijana wangu, hicho chombo kitatupitia bila hodi?"

Niliona haya. Ruhusa ya mwenye shamba tulikuwa nayo. Ya waliokuwemo shambani hatukuiomba. Nami ndiye niliyesoma chuoni Sura An-Nur, itufunzayo tusiingie majumba ya watu mpaka tutake idhini na kuwatolea salamu wenyewe!

Mpwa wangu akavua miwani, akaomba radhi. Mama akawatoa wenziwe kando, kisha akatuonyesha waya uliokatika, umening'inia katikati ya njia. Mwangalizi mimi sikuuona.

Droni ikarushwa mstari mwingine. Nikampa mama miwani ya pili, ionyeshayo picha ile ile. Alitazama kimya, kisha akasema, "Ile mizabibu ya mwisho kule haikupata maji."

Droni ilipotua, yeye alikuwa amekwisha kwenda kumwita mwenye zamu ya maji.