Bwawa la Thiba na Tope Litokalo Juu

Mkulima mzee wa Mwea hahitaji kuelezwa maana ya zamu ya maji. Mwezi wa Agosti, miche ya mpunga ikiwa tayari kitaluni, mto Thiba ulikuwa umekwisha kupungua. Mwenye shamba mwishoni mwa mfereji alilala nje na tochi yake, akilinda mlango wa maji usifungwe na jirani. Urafiki mwingi uliharibika katika mifereji ile.

Skimu hiyo ilianzishwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, nayo Mwea ilikuwa bado katika Wilaya ya Embu. Mifereji yake ya kwanza ilichimbwa kwa mikono ya mahabusu. Tangu hapo mpunga ulitegemea maji ya Thiba na Nyamindi jinsi yanavyoteremka kutoka Mlima Kenya. Mafuriko ya Aprili yalikwenda zake, na Agosti watu wakagombana.

Ndiyo sababu Bwawa la Thiba lilijengwa huko juu, Gichugu, kwa fedha za Serikali ya Kenya na mkopo kutoka Japani. Lilikamilika mwaka 2022. Ukuta wake una kimo cha mita 40 na urefu wa kilometa 1 hivi, nalo laweza kuweka maji mita za ujazo milioni 15.6. Mita moja ya ujazo ni mitungi 50 ya lita 20. Hesabu iliyobaki mpe mtoto wako wa shule. Maji ya masika hukusanywa hapo, kisha hufunguliwa wakati wa kiangazi, ili mkulima aweze kulima mara mbili kwa mwaka.

Nilikwenda kulitazama Jumapili moja. Watu walikuwa wamevaa nguo nzuri na kupigwa picha ukutani, na si vibaya. Mahali penyewe panapendeza. Lakini vijana wawili walikuwa wakivua mashati ili waogelee. Bwawa si kijito cha nyumbani, ndugu zangu. Ukingo huteremka ghafula, na maji yatokayo mlimani ni baridi sana, hukaza misuli hata ya mtu hodari. Waambieni watoto wenu watazame tu.

Jambo lililonisumbua zaidi ni rangi ya maji pale mto unapoingia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, nayo yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, lilijengwa liweke maji mara mia moja ya Thiba, na hata hilo limekwisha kupungukiwa nafasi kwa ajili ya tope. Thiba ni kikombe tu. Tope likijaa, zamu za Agosti zitarudi.

Wenye chai hawana kosa kubwa, kwani chai hushika udongo vizuri. Nawaambia wenye vishamba vya viazi na mboga vinavyoshuka mpaka majini. Acheni angalau mita 6 kando ya mto bila kulimwa, na mahali pa mteremko chimbeni matuta yanayokingama. Juu ya matuta pandeni majani ya Napier mvua zinapoanza. Vipande vyenye macho matatu vinatosha, macho mawili yakifukiwa, na jirani mwenye ng'ombe hatakunyima mbegu.