Shinikizo la Damu: Adui Asiyebisha Hodi

Ndugu msomaji, je, umeacha vidonge vyako vya shinikizo la damu kwa kuwa wajiona mzima? Tafakari kwanza.

Katika taarifa yao ya mwaka 1898, Robert Tigerstedt na Per Bergman wa mjini Stockholm walieleza jinsi walivyowadunga sungura maji yaliyokamuliwa katika figo. Shinikizo la damu likapanda. Kitu kilichofanya hivyo wakakiita renini. Leo yajulikana kwamba renini huanzisha kazi ya kuunda anjiotensini, mjumbe asafiriye katika damu. Afikapo kwenye mishipa, huziamuru chembe hai za misuli zikaze, na mishipa ikabana. Tena huzifanya figo zizuie chumvi na maji.

Mjumbe huyo hutuokoa tutokwapo na damu nyingi. Lakini amri zake zikizidi, moyo, ubongo na figo huharibika, wala wewe husikii maumivu yoyote.

Dawa ya kaptoprili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, huzuia mjumbe huyo asiundwe. Ukiiacha, kazi ya kumuunda huanza tena kimyakimya.

Basi, ndugu, usiache dawa bila ushauri wa daktari. Punguza chumvi mezani, nawe ukapimwe hata ukijiona mzima.