Wageni walipoadimika Alaska, mashabiki nao wakapungua

MWISHONI mwa Novemba, jua mjini Anchorage, jimbo la Alaska, huonekana kwa chini ya saa saba kwa siku. Seattle, jiji kubwa la karibu katika Marekani bara, liko umbali wa zaidi ya kilomita 2,000 kwa ndege.

Hata hivyo, kwa karibu miaka 40 mashabiki walitoka kwenye baridi hiyo kwenda kutazama mpira wa kikapu wa vyuo. Chuo Kikuu cha Alaska Anchorage, ambacho timu yake ya Seawolves hucheza daraja la pili, kilianzisha mwaka 1978 mashindano yaliyokuja kujulikana kama Great Alaska Shootout. Vyuo vikubwa vilifika. Mwaka 2001 bingwa alikuwa Marquette, akiwa na Dwyane Wade, aliyekuja kuwa nyota wa NBA.

Kilichowavuta wageni ni kanuni. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, huweka kikomo cha mechi za msimu, lakini mechi zilizochezwa nje ya Marekani bara hazikuhesabiwa. Timu iliyokwenda Alaska ilirudi na mechi za ziada. Ulikuwa kama msamaha wa ushuru: mzigo ulipita njia ndefu kwa sababu njia hiyo ilikuwa na faida.

Lakini msamaha haukubaki wa Alaska peke yake. Hawaii nako kulianza mashindano ya Maui mwaka 1984. Kanuni zikalegezwa, na mashindano yenye nafuu hiyo yakaongezeka hadi Marekani bara. Mwaka 2011 Bahamas ikaingia sokoni. Kocha aliyepaswa kuchagua kati ya ufukwe na theluji hakuhitaji kufikiri sana.

Majina makubwa yakaadimika Anchorage, na wanunuzi wa tiketi wakapungua. Mwaka 2014 chuo kilihamia ukumbi wake mpya wa viti takribani 5,000, mdogo kuliko ule wa zamani wa Sullivan wenye zaidi ya 8,000. Bei ya mafuta, tegemeo la hazina ya jimbo, nayo ikaporomoka, na bajeti ya chuo ikakatwa. Novemba 2017 mashindano ya wanaume yakachezwa kwa mara ya mwisho.

Umbali haukuwa jambo jipya; ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Kilichopotea ni faida iliyoufidia. Mfanyabiashara wa mpakani aliyewahi kuona wateja wakihama baada ya ushuru kubadilishwa upande wa pili anaijua hali hiyo.

Mashindano ya wanawake hayakufutwa pamoja na yale ya wanaume. Timu ya wanawake ya chuo hicho ilikuwa imefika fainali ya taifa ya daraja la pili mwaka 2016. Hiyo ni bidhaa ya nyumbani, isiyosubiri mgeni kutoka mbali ili iuzwe.