Kumwandama Mwizi: Sheria Yaruhusu Mpaka Wapi?



Kila msimu wa karafuu swali hili hurudi: mwizi akikimbia na pakacha, je, twaweza kumwandama na kumkamata wenyewe? Mfano ulio wazi zaidi tumeuona Bara, katika uwanda wa juu wa Dodoma, nchi ya Wagogo, ambako mali ni ng'ombe, na mali hiyo hutembea kwa miguu yake.

Tuseme mfugaji wa Bahi aamshwa usiku na mbwa, amwona mtu akitoa ng'ombe zizini. Apiga yowe, majirani watoka, wamwandama mwizi bila kumwachia mpaka upande wa Manyoni. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Bara, ya mwaka 1985, yamruhusu raia kumkamata mtu atendaye kosa kama hilo mbele yake, bila hati. Kuvuka mpaka wa wilaya si neno, maana sheria ni moja Bara nzima.

Lakini tuseme aliamka alfajiri akakuta zizi tupu na nyayo mchangani. Hapo mambo ni mengine. Nyayo ni ushahidi mzuri, ila si sawa na kuona kwa macho. Zikiishia penye boma la mtu, huenda mwenye boma hajui lolote. Kumkamata mtu kwa kumshuku ni kazi ya polisi, au ya sungusungu, ambao sheria ya 1989 iliwapa uwezo wa kukamata.

Mwizi akishashikwa, mwandamo umekwisha; apelekwe polisi bila kukawia. Nguvu ni ile ya kumzuia tu. Ampigaye mtu aliyekwisha shikwa hakamati tena, anatenda kosa lake mwenyewe. Mwizi akifa, waliompiga wataulizwa habari ya mauaji, wala hapana atakayeuliza habari ya ng'ombe.

Baharini nako kuna mwandamo, lakini ni wa vyombo vya Serikali, si wa mwenye ngalawa. Kwa Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, chombo cha kigeni kilichovunja sheria katika maji yetu chaweza kuandamwa hata bahari kuu, maadamu hakikuachiwa njiani. Kikiingia maji ya nchi yake au ya nchi nyingine, basi. Na kutoka Pemba hadi maji ya Kenya si mbali, kama wajuavyo watu wa magendo.

Unguja na Pemba tuna sheria yetu ya mwenendo wa jinai, ya mwaka 2018. Mwenye shamba amwulize sheha wake au kituo cha polisi kabla uchumaji haujaanza.