Miguu ya Kuvukia Barafu

Hapa Richmond Hill, kaskazini mwa Toronto, barafu ya Januari haimwonei huruma mtu mzima. Ndiyo maana nawahimiza akina mama wenzangu tuliotoka Tanga na Mombasa waimarishe mapaja: mguu wenye nguvu hukusaidia kujidaka ukiteleza.

Siku hizi kwenye jimu kuna jukwaa linalotetemeka, kwa kawaida mara 25 hadi 50 kwa sekunde. Ukisimama juu yake umekunja magoti, kila mtetemo huvuta msuli kidogo, na uti wa mgongo huuamuru ukaze papo hapo. Mwaka 2003 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya wasichana 67 wasio na mazoea ya mazoezi. Baada ya wiki 12, waliotumia jukwaa waliongeza nguvu za kunyoosha goti karibu sawa na walionyanyua uzito.

Je, ukichanganya vyote viwili? Mimi huchuchumaa juu ya jukwaa nikishika vyuma vyepesi. Lakini mwanariadha aliyezoea mazoezi huenda mtetemo usimwongezee nguvu yoyote. Mzee au anayeanza ndiye mwenye nafasi ya kufaidika zaidi. Uzito ndio wali, mtetemo ni kitoweo. Usinyooshe magoti yakakakamaa, la sivyo mtetemo utapanda hadi kichwani. Mjamzito, mwenye damu iliyoganda mishipani, mwenye kifaa cha moyo au aliyevunjika mfupa karibuni asipande kabla ya kumwona daktari.

Huna jukwaa? Chukua kiti cha jikoni: inuka, keti, inuka tena, mpaka mapaja yawake moto.