Maumivu ya Ghafla ya Mgongo kwa Wazee Si Uzee Tu

Mama wa miaka 70 anainua mtungi wa maji, kisha anapatwa na maumivu makali mgongoni. Nyumbani wanasema ni uzee. Huenda pingili ya uti wa mgongo imebonyea na kuvunjika kwa kuwa mifupa imedhoofika, hali inayowapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Asikandwe mgongo kwa nguvu. Apelekwe hospitali apigwe picha ya eksirei.

Wagonjwa wengi hupata nafuu bila upasuaji katika wiki 6 hadi 12. Matibabu ni pamoja na:

• Dawa za maumivu, kwa maagizo ya daktari.
• Mapumziko mafupi. Kulala kitandani wiki nyingi hudhoofisha mifupa na misuli zaidi.
• Mkanda wa kushikilia mgongo kwa muda, pamoja na mazoezi ya tiba ya viungo.
• Dawa za kuimarisha mifupa. Tembe za alendroneti humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi ya maji, na mgonjwa asilale kwa dakika 30. Maumivu yakiisha, asiache dawa bila ushauri; pingili nyingine inaweza kuvunjika.
• Kudungwa saruji maalumu ndani ya pingili, kwa wachache ambao maumivu yamekataa kupungua.

Maziwa, omena na sukuma wiki huupa mwili madini ya kalsiamu.

Dalili za hatari: miguu ikifa ganzi au kukosa nguvu, au mgonjwa akishindwa kuzuia haja, afikishwe hospitali mara moja.